Chanjo ya Mama

Mdogo wangu ni fundi viatu asiyevaa viatu. Miguu yake imepinda chini ya magoti, nyayo zimekakamaa na kupasuka, kiatu hakikai. Wateja wakimtania, "Mganga hajigangi," anacheka nao huku misumari ameibana midomoni, anaendelea kugonga soli.

Ni buba, ule ugonjwa wa vidonda unaoambukizana kwa kugusana, iliyomfanya hivyo. Tulipokuwa watoto nilianza kuugua mimi. Enzi zile akina mama waliamini kila mtoto lazima aipate, na kwamba ikimkuta angali mdogo humpitia kwa wepesi. Basi mama akachukua kitambaa, akakigusisha kwenye kidonda changu, akampaka mdogo wangu pale alipochubuka gotini. Alikuwa akimbembeleza. Alimpenda mno, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Wauguzi walipokuja nilichomwa sindano moja tu, nikapona. Yeye alikuwa kwa bibi. Aliporudi vidonda vilikuwa vimekauka vyenyewe, tukadhani yamekwisha. Kumbe ugonjwa umehamia mifupani.

Ukubwani daktari alimweleza kwamba bila kupakwa, huenda asingeugua kamwe. Alinisimulia, kisha akaniapisha. "Dada, mama asijue. Hili litamuua." Tukafunga midomo. Mama akazeeka akidhani miguu ile ilipindishwa na ugonjwa mwingine, akijisifu kwa majirani jinsi alivyomwahi mwanawe kwa kitambaa.

Juzi mtoto wa jirani alitoka buba. Asubuhi yake tulimkuta mama uani, amempakata binti wa mdogo wangu, mkononi ana kitambaa kilicholowa majimaji ya kidonda cha mtoto yule. Mdogo wangu akamdaka mkono.

"Mama, usimpake! Siku hizi ni vidonge tu."

"Vidonge vya nini? Wewe nilikupaka, na uko hai."

Nilimwomba Mungu ampe mdogo wangu uongo wowote. Lakini uongo ungemzuia mama leo tu, na sisi hushinda kazini, mtoto anabaki naye. Mdogo wangu alilijua hilo. Alikaa chini mbele yake, akainyoosha miguu.

"Mama, miguu hii ni ya kile kitambaa."

Mama hakulia. Aliitazama ile miguu aliyoikanda kwa maji moto miaka yote, akakiachia kitambaa kikaanguka. Kisha akamteremsha mjukuu mapajani, taratibu, akaificha mikono yake chini ya mtandio.

"Mchukueni," alisema. "Msiniachie tena mtoto."

Mtoto alikuwa akilia, amenyoosha mikono, anataka kupakatwa na bibi yake.