Mawifi Wawili na Riwaya ya Mzimu

Jumamosi nilikuwa Dumila nikisubiri basi la Kilosa. Kwenye benchi la mama ntilie walikaa wanawake wawili, mtu na wifi yake, wakibishana juu ya riwaya ya kutisha waliyokuwa wakiazimana. Ndani yake kuna mjane anayemsikia marehemu mumewe akirudi nyumbani kila jioni.

"Mimi niliishia katikati," alisema mdogo. "Hakuna mzimu pale, wifi. Yule mama akili imechoka kwa majonzi. Mwandishi anatuzungusha tu."

Mkubwa alitikisa kichwa, kidole kikiwa bado kwenye ukurasa. "Ni mumewe. Amerudi."

"Umejuaje?"

"Anagonga mlango kwa kiganja, halafu anakohoa. Kaka yako naye alikuwa anagonga hivyohivyo."

Mdogo alisogeza kikombe cha chai pembeni, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwishoni wanasema alikuwa nani?"

"Hawasemi."

"Basi nipe niimalize."

Aliisoma mpaka basi likaja, na mwenzake akambebea mfuko wake ili asiifunge.

Sisi tunaoandika juu ya vitabu huzilaumu riwaya zinazokwisha bila kutuambia kama mzimu ulikuwa wa kweli. Tunasema mwandishi ameikimbia kazi yake. Lakini huyu angeandika kwamba yalikuwa mawazo tu, wanawake wawili wangepanda basi la Kilosa wakiwa wamefiwa upya.