Kilio cha Kabezi Kisichokuwa na Maiti

Mdogo wangu alimpiga karani kwa kasia. Pigo la kwanza lilimpata tayani, na mfupa ulilia kama kokwa ya mchikichi inapopasuliwa kwa jiwe. Karani alianguka kwenye ngazi za biro, yaani ofisi, ya wakili, miwani yake ikateleza hadi mtaroni. Alijaribu kusema kitu. Kilichotoka kinywani kilikuwa damu na jino.

Ilikuwa mchana, barabara ya soko la Rumonge, watu wamejaa. Mtu mmoja alikuwa ameshapaza sauti, "Igisuma!", yaani mwizi kwa Kirundi. Neno hilo likitamkwa kwetu, mawe huokotwa kwanza; maswali huja baadaye, kama yatakuja.

Lazima nieleze tulifikaje kwenye ngazi zile.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba alikufa, mama akamfuata kabla mvua hazijarudi, nami nikaacha shule ya msingi sijaimaliza, nikaanza kuuza mawese sokoni. Huyu mdogo wangu anayenifuata aliingia ziwani kuvua kabla sauti yake haijakomaa. Ananiita Yaya, kama watoto wa pwani yetu wanavyomwita mkubwa wao, na tangu zamani ni mtu wa hasira. Utotoni alimvunja mwenzake mkono kwa sababu ya ndoana. Ukubwani alimchana mvuvi wa Magara uso kwa chupa, wakigombania wavu, nikauza mbuzi wetu ili yaishe. Kila nilipomtoa polisi nilimwambia jambo moja: "Mkorofi nitamvumilia. Muuaji sitamlea." Njaa nilikuwa nimeizoea. Hilo la kulea muuaji ndilo lililoninyima usingizi.

Kisha ziwa likapanda. Miaka hii Tanganyika imekula ufukwe na imekula nyumba. Maji yaliingia uani, yakaingia jikoni, na mchana mmoja ukuta wa chumba cha wasichana ukalala chini kwa mshindo ukamvunja mbwa wetu mgongo. Mdogo wangu alimmalizia kwa jiwe huku analia. Jioni hiyo tulikubaliana kuuza shamba la michikichi alilotuachia baba, tununue kiwanja mlimani, mbali na maji. Kiwanja tulikipata. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja anayekaa Kabezi, upande wa Bujumbura.

Pesa ya shamba hatukuthubutu kuibeba. Mnunuzi wa samaki alikuwa amekatwa mapanga njiani kwa ajili ya mkoba wake, tena mkoba wenyewe ulikuwa na nguo. Tukaenda kwa wakili, tunayemwita Metre kama mawakili wote wanavyoitwa hapa. Pesa ikawekwa kwenye konti ya wateja, akaunti yao ya banki. Metre alituapia kwamba konti hiyo si yake wala si ya biro: pesa yetu ingekaa humo mpaka hati ya kiwanja itoke, ndipo itumwe kwa mzee wa Kabezi kwa njia ya banki.

Aliyeshughulikia dosiye yetu, faili la mauzo, ni karani wake, mtu wa Nyanza-Lac, aliyezaliwa kambini Tanzania na kurudi akiwa kijana. Kiswahili chake kilinyooka mno, mpaka wauza ndagala, dagaa wa kwetu, wakamtania kwamba amemeza redio. Siku ya kwanza aliandika namba yangu ya simu na namba ya mzee wa Kabezi, akampigia palepale, tukasikia sauti yake.

Hati ilipokuwa tayari, ujumbe ukaingia kwenye kompyuta ya biro, katikati ya mazungumzo yaleyale ambayo karani alikuwa akiandikiana na mzee. Ulisema hivi: mama yangu amefariki, tuko matangani, naomba msinipigie simu siku hizi, pesa ya kiwanja itumeni kwenye konti ya mdogo wangu, ndiye anayesimamia mazishi. Namba ya konti ikafuata.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini karani hakupiga simu, na namba alikuwa nayo. Atauliza hivyo kwa sababu hajui kwetu. Hapa, uwe Mwislamu au Mkristo, nyumba yenye kilio haisemeshwi pesa. Anayempigia mfiwa kumuuliza konti ni sawa na anayedai deni huku amekalia jeneza, na watu watamsema mpaka wajukuu zake. Unasubiri matanga yaanuliwe. Aliyeandika ujumbe ule alikuwa ameingia kwenye barua za biro, akazisoma kimya kimya kwa muda, na kwa vyovyote alikuwa mtu wa huku. Alijua mahali ambapo sote tunafunga mdomo.

Metre alisoma, akasema, "Masikini," akatia saini pesa itumwe. Karani akachangisha rambirambi pale bironi, naye akatoa zaidi ya wote. Kisha, kabla ya kupeleka karatasi banki, akampigia mdogo wangu kumpa habari ya msiba. Tulikuwa tumekaa pamoja, mdogo wangu akitengeneza wavu, simu ameibana begani.

"Umefanya vizuri kutomupigia," alimwambia. "Muacheni muzee alie. Sisi tutaenda kumuona."

Tukaenda. Mdogo wangu alichagua mikeke ya kukausha, samaki wa ziwa letu, mikubwa mikubwa, akaipanga kwenye kikapu kwa mikono yake. Tulipanda lori la mawese, tukafika Kabezi jua likiwa limepanda. Nilijifunika kitenge kichwani, nikaanza kulia tangu langoni, kama ipasavyo. Lakini uani hapakuwa na watu waliokaa, wala moto wa matanga. Palikuwa na bibi kizee mmoja mkekani, anapepeta maharage.

"Amahoro, bana banje," alisema, yaani amani, wanangu. "Munamulilia nani?"

"Mama ya muzee wa hapa," mdogo wangu akajibu.

"Mama yake njo mimi." Akaweka ungo chini, akatutazama, akatazama kikapu. "Nani amewaambia nimekufa? Na hiyo samaki iko ya matanga yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi lete. Nitaikula mwenyewe."

Siku nyingine ningecheka. Mzee alitoka ndani kuona wageni ni nani, na mdogo wangu akamrukia. Alimkaba koo, akamgandamiza ukutani mpaka visigino vikaacha ardhi. "Pesa iko wapi? Pesa ya baba yetu iko wapi?" Mzee alikuwa ameanza kuwa wa zambarau. Bibi alikuja na mchi akampiga mdogo wangu mgongoni, akampiga tena, haikusaidia. Nikamng'ata mkono. Niling'ata mpaka nikaonja damu yake, ndipo akaachia.

Mzee aliongea akiwa sakafuni, anakohoa. Ujumbe wowote hakuandika. Mdogo wa kiume hana. Pesa hajaiona. Alipokuwa akiyasema hayo mdogo wangu alishavuka lango. Niliona mgongo wake tu, juu ya pikipiki ya kukodi, anaelekea Rumonge, kwa karani aliyetuletea habari ya msiba.

Nilimpigia Metre, simu ilikuwa imezimwa, yuko mahakamani. Nikampigia karani.

"Mzee hajafiwa," nikamwambia. "Pesa imekwenda kwa mwizi. Kimbia banki waizuie. Halafu usirudi biro, unanisikia? Mdogo wangu anakuja."

"Dada, wewe una hakika?"

"Huyo marehemu amenikaribisha maharage. Kimbia!"

La kwanza alilitii. La pili lilimshinda, kwa sababu banki walimwandikia karatasi ya kuzuia pesa wakamwambia haifanyi kazi bila muhuri na saini ya wakili. Akarudi biro kuusubiri muhuri. Metre alikuwa amerejea tu kutoka mahakamani. Karani alikuwa kwenye ngazi, karatasi mkononi, hatua chache kutoka mlangoni, mdogo wangu aliposhuka kwenye pikipiki. Kasia alilichukua kwa mwenzake aliyekuwa anapita nalo.

Gari lililonibeba mimi lilifika wakati wa pigo lile la kwanza. Metre alikuwa ameshafunga mlango wa vyuma, anachungulia kutoka ndani.

"Si mutu wa hapa huyo!" mmoja alikuwa anasema. "Sikia anavyoongea!"

"Redio, tuimbie kidogo!"

"Amekula pesa ya mayatima!"

"Naomba mnisikilize," karani alisema kupitia damu, kwa kile Kiswahili chake safi, nao wakaangua kicheko. Jiwe likampata sikioni. Kijana mmoja alikuwa anaburuta tairi kuukuu kutoka gereji, na kila mtu pale alijua tairi linakuja kufanya nini.

Nilijilaza juu ya karani. Jiwe lililokuwa linakuja kwake likanivunja mtulinga. Mkono wangu wa kushoto ukafa papo hapo. Chini yangu alikuwa anatetemeka kama samaki ndani ya mtumbwi. Juu yangu alisimama mdogo wangu, kasia limeinuliwa.

"Yaya, toka."

"Sitoki."

"Yaya, nitakupiga na wewe."

"Piga. Anza na mimi, ujue umeanza kuua."

"Amemaliza nyumba yetu!"

"Nani alimwambia asipige simu?" nikamuuliza. "Sema, watu wasikie. Nani alisema muacheni muzee alie?"

Kasia lilibaki juu.

"Sema!"

"Ni mimi," akasema. "Sikuwa najua."

"Na yeye hakuwa anajua."

Nilidhani hapo pameisha. Mwanamke mmoja muuza samaki akasema, "Kumbe mwizi ni huyu mwenye kasia! Ameuza shamba ya baba yake, sasa anatafuta wa kumubebesha." Alisema kwa mzaha, nadhani. Lakini mkono ulioshika jiwe haupendi kulirudisha chini. La kwanza lilimpasua mdogo wangu paji la uso. La pili lilimpiga mbavuni. Alipiga magoti, damu imemfunika macho, na wale waliokuwa wakimshangilia wakaanza kumpiga mateke. Tairi likageuzwa upande wake.

Nikaivuta karatasi kutoka vidoleni mwa karani. Ilibidi nivikunjue kimoja kimoja. Nikaipitisha kwenye vyuma vya mlango.

"Metre, piga muhuri."

"Mama, wataingia..."

"Piga muhuri, au nitawaambia saini ya kutuma pesa ni ya nani."

Akapiga. Muhuri ukakaa upande, akatia saini, akanirudishia karatasi. Polisi walifika wakati huo, wakapiga risasi hewani, kisha wakawapiga watu wote bila kuchagua. Mdogo wangu walimpiga kitako cha bunduki, wakamtupa ndani ya gari. Sikumfuata. Nilikimbia banki nimeushika mkono wangu kama mtoto aliyelala.

Pesa nyingi ilikuwa bado kwenye ile konti, ikazuiwa. Nyingine ilishatolewa Bujumbura, na aliyeitoa hajapatikana hadi leo. Metre aliilipa, si kwa hiari, ila nilipomwambia nitapanda hadi kwa wakubwa wa mawakili. Pesa ilipotea ikiwa mikononi mwake, hilo hakuweza kulikana.

Karani alifungwa taya kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Sikio moja halisikii tena. Mdogo wangu alifungwa gerezani miezi mingi. Nilipika sufuria moja, nusu nikaipeleka hospitali, nusu gerezani. Karani hakuondoa mashtaka, nami sikumwomba. Siku moja aliandika kwenye kikaratasi, maana kusema hakuweza: *Angeniua?* Nilimjibu kwamba ndiyo.

Biro ya Metre imebadilika. Konti ya mtu haibadilishwi kwa ujumbe, hata ujumbe huo uwe na machozi. Karani anapiga simu kwenye namba iliyoandikwa siku ya kwanza, si ile iliyoletwa na ujumbe, naye anataka kuisikia sauti ya mwenyewe. Mtu wa pili lazima asaini baada ya kusikia. Penye msiba, karani anakwenda mwenyewe kukaa mkekani na kutoa rambirambi, na pesa inasubiri matanga yaanuliwe. Baadhi ya watu wanamwita mkosa adabu. Yeye anasema adabu haikumrudishia sikio.

Tulingoja mdogo wangu atoke ndipo tulipie kiwanja, kwa sababu Metre alitaka sisi wanne tuwepo. Tuliingia bironi, tukakaa. Mdogo wangu alibaki amesimama penye mlango, kichwa chini, mikono imening'inia kama vitu asivyojua aviweke wapi. Karani alikuwa mezani. Alishika simu, akaanza kubonyeza namba ya Kabezi, akakosea, akaanza upya, akakosea tena. Akaiweka simu chini.

"Ndugu yangu," akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye taya iliyounga vibaya, "naomba usikae mlangoni. Siwezi kusoma namba nikiwa sioni pa kutokea."

Nilimtazama mdogo wangu. Niliona shingo yake inavimba, nikaanza kunyanyuka kitini. Yeye akaondoka mlangoni, akavuka chumba mpaka ukuta wa mwisho, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, mikono ameikalia.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo," karani akasema, akaichukua simu tena.