Shingo ya Tausi

Shangazi yangu alikuwa akinipiga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia mumewe alikuwa ameuvunja kwa mchi.

Alikuwa anatwanga kisamvu uani. Mumewe akasema neno, yeye akajibu, basi. Vidole vitatu vilikuwa juu ya ukingo wa kinu. Hospitali hakupelekwa, maana hospitali wangeuliza. Aliitwa mzee mmoja wa kuunga mifupa, akavifunga kwa vijiti, na vilipofunguliwa vilikuwa vimekauka na kupinda kama tangawizi. Hayo yalikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba, na baba alikuwa ameshanileta Chikongola mjini, kabla ya mkono kuvunjwa, nikae na dada yake nijifunze kazi ya mikono.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuma mablanketi ya picha, na mtu wa kunifundisha sasa hakuwa na mkono. Binti yake wa ndoa ya kwanza, ambaye alilelewa na bibi yetu kijijini Mahurunga, alikuwa anaolewa msimu wa korosho ukiisha. Katika ukoo wetu mama humfumia binti blanketi kwa mkono wake, na siku ya harusi hutandazwa wanawake walikague kabla ya pilau. Mume wa shangazi alilitaka blanketi lile kuliko bibi harusi. "Likitandazwa pale," alisema, "nani atasema mkono una kasoro?"

Shangazi naye alilitaka, kwa kumwogopa. Alinishikisha msahafu nikaapa kwamba mdomo wangu hautatamka habari ya mchi. Kisha akanipa sindano ya kroshia.

Picha ilikuwa tausi. Aliichora kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, kwenye daftari la hesabu lenye visanduku. "Kisanduku kimoja, kitanzi kimoja," alisema. "Cheusi, uzi wa buluu. Kitupu, uzi mweupe. Mtoto wa miaka saba anaweza." Mimi nikaona ni mchezo.

Sasa, mimi nilijua madrasa kabla ya kujua shule, na jicho langu lilizoea kuanza kulia. Nikasoma kila mstari kuanzia kulia. Kumbe ukifika mwisho wa mstari unaigeuza kazi na kurudi ulikotoka, kwa hiyo mstari wa pili husomwa kuanzia kushoto. Baada ya siku sita miguu ya tausi ilikuwa vipande vipande, mstari mmoja huku, mwingine kule. Shangazi alisema wasichana wote wa madrasa hukosea hivyo, hata binti yake, alipomfundisha wakati wa likizo, alianza hivyo, na wote aliwacheka. Mimi hakunicheka. Alinipiga kandambili ya kichwa, akanigonga vifundo vya vidole kwa kitako cha sindano, akaifumua kazi yote kwa meno na mkono mmoja. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Ijumaa ile mumewe alirudi kutoka msikitini akakuta uzi umerundikana sakafuni. Mimi hakunigusa. Alimshika shangazi nywele akambamiza ukutani, mara mbili, polepole, huku akinitazama mimi. "Kila ukikosea wewe," akaniambia, "hesabu yake hii."

Nilijifunza haraka. Kulia, geuza, kushoto, geuza. Nilimfuma tausi kuanzia miguuni kwenda juu, mkia ukatoka mzuri ajabu, na bado shangazi alikuwa anapigwa, leo kwa chumvi, kesho kwa kuchelewa kuitika. Nilianza kuamini kwamba harusi ikipita salama atauawa. Hakutakuwa na mtu wa kuuliza, maana blanketi litakuwa limeshajibu.

Siku mbili kabla ya safari ya kwenda harusini Mahurunga shangazi alilala na homa ya kipigo, akaniachia nimalize shingo na kichwa peke yangu. Nilikaa na daftari muda mrefu. Mdomo wangu ulikuwa umeapa. Mkono haukuapa. Nikafuma mistari yote ya shingo kuanzia kulia, kama siku ya kwanza, nikakunja blanketi picha ikiwa ndani, nikalifunga kwa kanga. Shangazi aliuliza kama limekwisha, nikasema limekwisha.

Mahurunga blanketi lilitandazwa juu ya mkeka, na vigelegele vikaanza, halafu vikapungua. Dada yangu bibi harusi alipiga magoti akapitisha kidole kwenye shingo iliyokatikakatika. Alilijua kosa lile, lilikuwa lake kabla ya kuwa langu. "Mama," alisema, "hii si kazi yako. Mkono wa nani huu?"

Siku nzima shangazi alikuwa ameficha mkono ndani ya kanga. Aliitazama shingo. Nilidhani atamjibu mwanawe. Badala yake alinigeukia mimi, na kwa hasira akasahau, akanizaba kofi kwa mkono wa kulia.

Aliyelia ni yeye. Mkono ulibaki hewani mbele ya wanawake wote, vidole vitatu vimepinda, na hakuna aliyeangalia blanketi tena. Bibi yetu aliushika, akaugeuza huku na huku. "Nani?" akauliza. Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Bibi akaniuliza mimi. Nilitazama tu nje kwenye jamvi la wanaume, kule mume wa shangazi alikokuwa anasubiri pilau.

Bibi alitoka na mwiko wa pilau ukiwa bado wa moto, akamwanzia usoni. Baba na baba mdogo walimalizia nyuma ya nyumba. Nilisikia kila pigo na nilifurahi. Yule mume alirudi mjini peke yake, bila viatu, akitema damu, na shangazi hakurudi Chikongola.

Miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa tayari na watoto wangu, nilikaa na shangazi Mahurunga tunakunywa chai. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya muhogo, ile shingo nilikosea au nilikusudia. Akauliza huku amenyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe, nami nikajikuta nimefunika uso.

Hakuniuliza tena.