Nyimbo za Ndani Ukumbini Qurum

Bi Kidawa aliolewa Maskati akitokea Makunduchi, akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ni mjane, fundi cherehani wa mtaa wa Wadi Kabir, na Kikae, lahaja ya kwao, hana wa kuzungumza naye. Ndiyo maana mtafiti mmoja, Khalil, alipobisha hodi na kinasa sauti, akisema anahifadhi lugha za watu wa Unguja kabla hazijapotea, alimpokea kama mwana.

Miezi mitatu alimpa majina ya samaki, vitendawili, hadithi za mizimu. Zilipofika nyimbo za unyago, alikataa.

"Hizo za wanawake. Hata wewe usizisikie."

Khalil akamleta mkewe, Zakiya, arekodi yeye. "Wallahi, Bi Kidawa, hazitatoka mkononi mwake." Akaenda kungoja garini, na Bi Kidawa akamwimbia Zakiya.

Miezi miwili baadaye kulikuwa na maonyesho ya kazi ya Khalil kwenye hoteli moja ya mtaa wa Qurum. Bi Kidawa alijifukiza udi, akapelekwa kwa gari. Alipoingia ukumbini alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani, ikiimba yale anayofundwa mwari kabla ya kuingia kwa mumewe. Chini yake, kwenye kioo cha runinga, tafsiri ya Kiarabu. Wanaume wamesimama wanasoma, sahani mkononi. Mmoja alicheka kinywa kimejaa sambusa, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akamvuta mwenzake aje asome.

Bi Kidawa aliufuata waya wa spika mpaka ukutani, akauchomoa.

Khalil akaja mbio. "Bi Kidawa, wageni wameipenda sana. Hii turathi yetu."

"Uliapa."

"Niliapa, lakini zikifichwa zitakufa."

"Nazife na heshima zao. Nnakutazama, nnaona kinyaa."

Alitapika kwenye bustani ya hoteli, akarudi kwake kwa teksi.

Baada ya siku mbili Zakiya alikuja peke yake, analia. Ni yeye aliyempa mumewe zile sauti. Bi Kidawa alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha kahawa. Wimbo uliondolewa kwenye maonyesho, lakini mgeni mmoja alikwishaunasa kwa simu, ukasambaa.

Alhamisi iliyofuata, dukani, Bi Kidawa alimkuta muuza mkate anausikiliza kwenye simu huku anakanda unga, kichwa kinakwenda kwa mdundo. Muuza mkate hakujua anayeimba ni nani. Bi Kidawa aliitazama ile mikono ndani ya unga, akageuka, akatoka bila kununua.