Imondo ya Mwenye Nyumba

Nyumba yangu ya Kayole niliijenga mwenyewe na nikaiuza mwenyewe. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wanaouza nyumba wasiyojua hata msumari wake mmoja uliingiaje. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, huko kwetu magharibi, nikaja Nairobi kulala sakafuni kwa binamu yangu Mukuru kwa Reuben na kubeba magunia viwandani. Kutoka kwa magunia nikaenda soko la Kariokor kukata akala, ndara za matairi. Kutoka kwa akala nikapata nyumba ya mawe, vyumba vitatu, na ua wa kutosha kufuga kuku. Wale niliobeba magunia nao, wengi wao bado wanabeba.

Sikuiuza kwa shida. Niliiuza miaka ya tisini ilipoanza, kwa sababu ya kibanda. Kule Kariokor nilikuwa nakata akala nje, chini, jua likiwa juu ya kichwa na mvua ikija nabeba matairi nakimbia. Ndani ya soko kulikuwa na mzee mmoja wa viatu vya ngozi mwenye kibanda cha kufungwa kwa kufuli na cherehani nzito ya kushonea ngozi. Mzee huyo alikuwa anarudi kwao kulima. Aliniita akaniambia, "Nimekuona ukikua hapa. Kibanda na cherehani nakupa wewe kwanza. Lakini nangoja mpaka Pasaka. Pasaka ikipita, kuna mtu mwingine ananisumbua kila siku."

Mtu akitaka kutoka kwa akala aingie kwa viatu, hiyo ndiyo ilikuwa njia. Na njia hiyo ilipita katikati ya nyumba yangu. Mke wangu alilia kidogo, akanyamaza, akasema kama ni kuuza basi tuuze kwa mtu wa maana.

Mtu wa maana akaja. Alikuwa amestaafu kutoka reli, mtu wa kwetu magharibi kama mimi, mrefu, koti la kanisani limempwaya mabegani. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo ndogo, kugonga magurudumu moja moja akisikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa hulia kama sufuria. Reli ilimwacha aende lakini yeye hakuiacha nyundo. Alikuja nayo kwangu ndani ya mfuko wa koti.

"Mulembe," akasema mlangoni.

"Mulembe, mzee. Karibu uone nyumba."

"Sitaiona, kijana. Nitaisikiliza."

Nilikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye mke na watoto wanne, na nilikuwa naitwa kijana kwangu mwenyewe. Nikampisha aingie, kwa sababu ya kibanda.

Akaanza sebuleni. Akagonga ukuta, akaweka sikio, akagonga tena. Akaingia jikoni mke wangu akiwa anakoroga ugali, akagonga nyuma yake mpaka akasogea. Akarudi akasema, "Huo wa jikoni una utupu."

"Una utupu gani? Mawe yale niliyapanga kwa mikono hii."

"Basi mikono iliacha utupu."

Kwetu mgeni wa umri ule akija Jumapili hatoki bila kula kuku. Hata kama amekuja kukutukania ukuta. Mke wangu alikuwa amechinja. Tukanawa, tukaomba, nikamwekea mgeni paja, kipande kikubwa kabisa, nami nikachukua imondo yangu, ile firigisi, nikala. Mzee akala. Alipomaliza alifuta nyundo yake kwa kitambaa, akasema, "Nimesikia. Nitafikiri. Tutaonana Jumapili."

Bei hakuigusa. Hilo ndilo lilinichanganya. Mnunuzi anayetukana nyumba huwa anatafuta punguzo, kila mtu sokoni anajua. Huyu nilimtajia bei akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa saa ngapi.

Wiki ile nilibomoa ukuta wa jikoni kwa ndani, nikakuta kweli pana uwazi kati ya mawe, wa kuingia ngumi. Nikaujaza saruji, nikapiga lipu, nikapaka rangi. Nani mwingine Kayole angefanya hivyo kwa siku chache baada ya kazi? Jumapili mzee akaja, akagonga jikoni, akaitikia. Halafu akaenda kwa mlango.

Sasa, milango ya nyumba ile ilikuwa fahari yangu. Bawaba za chuma hushika kutu na kulia kila mtu akitoka usiku. Mimi nilitia bawaba za mpira, vipande vya tairi la lori nilivyovikata kwa kisu cha akala na kuvipigilia misumari. Milango yangu haikulia hata siku moja. Majirani walikuja kuangalia.

Mzee aliufungua mlango, akaufunga, akainama.

"Kijana, mlango wako umevaa akala."

"Ndiyo, mzee. Na hautembei bila hizo."

Hakucheka. "Nyumba ya mawe, mlango wa akala. Watu wataniuliza nimenunua nyumba ama kiatu."

Tukala kuku wa pili. Nikampa paja, nikala imondo yangu, akasema atafikiri. Mke wangu alikuwa anasukuma mifupa kwa upande wa sahani. Mzee alipotoka, mke wangu akaniambia, "Baba watoto, huyu atamaliza kuku kabla hajanunua hata dirisha."

"Mwache. Nitatia bawaba za chuma."

"Tia. Atapata kingine."

Nilitia chuma kwa mlango wa mbele peke yake, kwa sababu ile mingine roho ilinikataa. Na akapata kingine. Jumapili ya tatu alisema sakafu ya chumba cha watoto imeinama upande wa magharibi. Akaweka kifuniko cha kalamu sakafuni, kikajiviringisha polepole mpaka ukutani, na sisi sote tukakifuata kwa macho kama watu wanaotazama mpira. Nilimwambia udongo mweusi wa Kayole huinamisha nyumba zote, na yangu imeinama kidogo kuliko za wengine. Akasema, "Imeinama kuelekea kwetu, angalau." Ndilo neno zuri pekee alilokuwa amesema, na nikadhani sasa tumefika. Nikala imondo kwa furaha. Akanawa mikono, akasema, "Nitafikiri. Tutaonana Jumapili."

Kesho yake nilipofika Kariokor yule mzee wa viatu alikuwa na mgeni ndani ya kibanda, mtu mnene aliyekuwa anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Mzee wa viatu alinitazama juu ya bega la yule mtu, akainua mikono kidogo. Pasaka ilikuwa inakuja. Nilikata akala vibaya siku hiyo, jozi moja ilitoka na miguu miwili ya kushoto.

Jioni nikamwambia mke wangu basi, nitamtafuta mnunuzi mwingine, huyu wa reli ana wazimu wa nyundo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Umeona anavyoangalia bakuli?"

"Bakuli gani?"

"La kuku. Kila Jumapili unapochukua kijiko, anaacha kutafuna."

"Si namwekea paja? Paja lenyewe ni kama la mbuzi."

"Haangalii paja. Anaangalia imondo."

Nikacheka. Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke hali, watoto hawali, na mgeni hupewa kwa heshima ya pekee tu, mwenye nyumba akitaka. Na mimi nilikuwa na sababu ya kutotaka. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na tangu hapo imondo ya kwetu aliila amu, aliyekuja kila kuku alipochinjwa, akala, akaenda. Mukuru ilikuwa ya binamu, kwa sababu chumba kilikuwa chake. Imondo yangu ya kwanza maishani niliila ndani ya nyumba ile ya Kayole siku tuliyohamia, mabati yakiwa juu na madirisha yakiwa bado mashimo. Nilisimama nikiila. Kama kuna mwanamume aliyewahi kula imondo kwa haki yake, ni mimi.

"Imondo ni ya mwenye nyumba," nikamwambia.

"Najua."

"Na nyumba ni yangu."

"Si hiyo ndiyo unauza?"

"Sijauza bado."

"Basi hutauza," akasema, akapuliza makapi. "Mzee mzima anakuja kununua nyumba, kila Jumapili unamkalisha hapo na kumwonyesha ni ya nani. Angekuwa baba yangu angeshakuachia hizo kuta zako."

Nilitoka nje. Nilikaa juu ya tairi uani muda mrefu kidogo. Kusema kweli hasira yangu haikuwa kwa mzee wala kwa mke wangu. Nilikuwa nafikiria kibanda, na nilikuwa nafikiria ile siku ya madirisha mashimo. Mtu hawezi kuketi kwenye viti viwili, na mimi kwa mara ya kwanza nilihisi nimeketi hivyo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Matawi. Watoto walipita barabarani na makuti, wengine wakipigana nayo. Mzee alikuja na lake mkononi na nyundo mfukoni. Safari hii hakugonga kitu. Aliketi tu, kama mtu ambaye amechoka kutafuta kasoro au zimemwishia.

Tulikuwa tumebaki na jogoo mmoja, yule mkubwa wa kuamsha mtaa. Mke wangu alileta bakuli, akaleta ugali, akaketi pembeni. Tukaomba. Nikachukua kijiko. Mzee akaacha kutafuna, kweli, kama alivyosema mke wangu, na alikuwa hajaweka kitu mdomoni ila kipande cha ugali.

Nikaitafuta imondo ndani ya mchuzi. Ilikuwa kubwa, imepasuliwa vizuri kama inavyotakiwa. Nikaiinua, nikaiweka kwenye sahani yake.

Aliitazama. "Hii si yangu, kijana. Mwenye nyumba yupo."

"Mwenye nyumba ni wewe, mzee. Mimi hapa ni mgeni, nimekuja kula."

Akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anakata ugali kwa makini ya mtu anayepima kitambaa. Mzee akaichukua kwa vidole, akaila bila haraka, akitafuna upande mmoja kwa sababu ya meno. Mimi nilikula paja. Sikuwa nimekula paja kwa miaka.

Aliponawa aliinuka, akaenda kwa mlango wa mbele, ule niliotia chuma. Akaufungua, ukalia. Akaufunga, ukalia.

"Hizi za chuma sizitaki," akasema. "Utarudisha zile zangu za mpira kabla ya kuhama."

Zile zangu, akasema. Nikamwambia sawa, mzee.

"Unahama lini?"

Pasaka yenyewe haikuwa imefika nilipoingia katika kibanda cha Kariokor na kufungua kufuli kwa mkono wangu. Yule mtu mnene alikuja siku ya pili akakuta mimi ndiye ninazungusha gurudumu. Leo nina vibanda viwili na vijana wanaonishonea, na viatu vyangu vimevaliwa na watu ambao kama ningewataja mngesema najigamba. Watu wakiniuliza niliwezaje kumuuzia mzee mgumu vile, huwaambia nilimsoma nikamjua. Mke wangu akiwa karibu husema, muulizeni nani alimsomea.

Tulipanga nyumba kwa miaka michache kabla sijajenga tena. Katika nyumba ile ya kupanga sikula imondo. Hakuna aliyenikataza. Mke wangu aliikata vipande vidogo akaichanganya na mchuzi, na kila mtu akala bila kujua.

Mwaka mmoja baada ya kuuza, nilikuwa na mteja Kayole, nikapita kumsalimu mzee. Alifurahi. Alinikalisha kwenye kiti kilichotazama mlango, mahali pale pale nilipokuwa namkalisha yeye. Mkewe alichinja. Bakuli lilipokuja aliniwekea paja kubwa, kisha akachukua imondo, akaila akinitazama usoni. Nilikula paja langu. Nyama ilikuwa tamu, na ukuta wa jikoni bado ulikuwa na ile rangi yangu.

Nilipokuwa natoka alinishika mkono, akanionyesha bawaba ya chini. Mpira ulikuwa umechanika kwa msumari.

"Kijana, hii imechoka. Utanikatia nyingine?"

Niliinama, nikaigonga kwa kidole, nikaweka sikio. Kisha nikasimama, nikafuta kidole kwa kitambaa.

"Nimesikia, mzee. Nitafikiri. Tutaonana Jumapili."