Nyasi Mbichi kwa Kompyuta ya Mabira

Nilikwenda Mabira kwa sababu kompyuta na mashine ya kukaushia kahawa zilikuwa zimenuniana. Ndivyo mwenye kiwanda alivyomwambia bosi wangu kwenye simu, nami pale karakanani kwetu Mwanza nilicheka mpaka nikashika meza. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na kompyuta ilikuwa bado kitu cha kuvuliwa viatu mlangoni. Kompyuta ile ilikuwa inaagiza kiasi cha joto kupitia waya, na kontrola, yaani kisanduku cha chuma kinachoongoza tanuri, inapokea agizo na kujibu. Waya ukinyamaza, tanuri halijui liwake au lizime. Wenzangu wawili walishakwenda wakarudi mikono mitupu. "Nenda wewe, Anastazia," bosi akasema, "wewe mbishi." Niliondoka nimevimba kichwa, nakiri, maana safari kama hiyo nilikuwa nikiiomba tangu niajiriwe.

Bukoba, asubuhi. Meli ilipofika nilishuka na sanduku langu la vifaa nikamkuta dereva wa kiwanda, Leonidas, kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi kuja kufanya vibarua vya kulima Karagwe. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Dada, niliambiwa nimchukue fundi mwenye sanduku."

"Sanduku si hili hapa?"

Alicheka, akanipakia mbele ya lori, tukaondoka.

Baada ya daraja la Kyaka barabara ilianza kupanda, na mimi nikashindwa kunyamaza. Milima ile! Migomba imejaa mabondeni, juu ni majani matupu na ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka barabara kwa wakati wao, si wako. Leonidas alizima injini akawasubiri. Hapo ndipo aliponiambia jambo nililolipuuza.

"Hiyo mashine haipendi wageni. Tukiwa wenyewe inakubali vizuri tu. Fundi akija, inagoma."

"Mashine haina macho, kaka."

"Haya, utaona."

Omurushaka tulisimama kula ndizi na maharage, kisha tukashika njia ya Kyerwa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Mabira, alasiri. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta alinipokea Mama Kemilembe, mwangalizi wa chumba hicho. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu waitu, mtu wetu, ingia." Niliingia nikasimama kwa mshangao. Sakafu nzima ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, nene, zinanukia kama kondeni baada ya mvua. Huko ndivyo wanavyotandika nyumbani kukiwa na harusi au Krismasi.

"Mgeni hakanyagi sakafu tupu," alisema, akaniwekea kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na viungo ikakaushwa, ya kutafuna. "Na hii kompyuta nayo ni mgeni. Imetoka mbali."

Alikuwa ameanza kiwandani kwa kuchambua kahawa juani, mgongo umepinda. Kompyuta ilipoletwa, yeye ndiye aliyeshika haraka kuliko wote, akapewa chumba na kiti. Alikipangusa kile kiti kila mara alipokipita.

Mwenye kiwanda, Mzee Byarugaba, hakukaa hata kwenye kiti. "Kahawa ya watu inaota ukungu pale nje. Kesho jioni kama hivi vitu havijapatana, kompyuta naiuza, tanuri tutaliongoza kwa mkono, na Mama Kemilembe atarudi uwanjani." Mama alikunja kitambaa cha kufunikia kompyuta, akakikunjua, akakikunja tena.

Nilianza kazi palepale. Nilichomoa waya, nikaijaribu kompyuta peke yake: nilichoandika kilinirudia, nzima. Kontrola peke yake: nzima. Nikaziunganisha, na kwenye kioo zikaja herufi za ajabu, vitone na mikwaruzo, kisha kimya. Nilibadilisha mipangilio yote niliyoijua mpaka giza likaingia. Niliuma meno, lakini moyo ulikuwa ukinidunda kwa raha. Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaka.

Asubuhi yake, uji mkononi, maneno ya Leonidas yalinirudia. Nikamfuata Mama Kemilembe.

"Mama, hii mashine inakubali siku gani?"

"Alhamisi inakubali, Ijumaa inakubali. Jumatatu inakataa kabisa. Na siku ya fundi."

"Jumapili mnafanya nini humu ndani?"

"Hakuna kitu. Nikitoka misani ninabadilisha nyasi tu, zile zimekauka, ninaona aibu."

"Na siku ya fundi?"

Tulitazamana, kisha wote tukatazama chini.

Nilipiga magoti nikazifukua zile nyasi kama kuku. Chini kabisa, kwenye majimaji, waya ulikuwa umeungwa katikati. Aliyeufunga zamani ulimpungukia, akauongeza kipande, akazungushia utepe wa karatasi wenye gundi. Karatasi ilikuwa imelowa, na nyaya za ndani zilikuwa za kijani kwa kutu, zinagusana. Nilipiga ukelele wa furaha.

Mama Kemilembe hakufurahi. "Kwa hiyo ni mimi," alisema polepole. "Nimeikaribisha mpaka nimeiua."

Furaha ikanikauka mdomoni. "Hapana, mama. Waya hauungwi sakafuni kwa karatasi. Nisaidie."

Tulipitisha waya mpya, mzima, juu ya ukuta karibu na dari. Kisha nikamwomba kitu kimoja: alete nyasi nyingine, zenye umande.

Mzee Byarugaba aliingia wakati mama anarudi na mzigo wake. "Tatizo lilikuwa nini?"

Nilifungua mdomo, mama akaniwahi. "Nyasi zangu, mzee. Zililowesha waya."

"Waya ulioungwa vibaya na fundi," nikaongeza haraka. "Kama ungekuwa mzima, nyasi zisingeufanya kitu. Tazama."

Mama alitandika mpaka maji yakachuruzika sakafuni. Akakaa kwenye kiti chake, akaandika agizo. Kioo kikajibu herufi safi. Ng'ambo ya ukuta tanuri likanguruma.

Mzee alitega sikio ukutani. "Basi Jumapili utandike na kule kwenye tanuri."

"Kule hapana!" tulisema kwa pamoja mimi na mama, na kicheko chake ndicho nilichoondoka nacho Mabira, pamoja na kikapu cha akamwani.

Tangu safari ile, mashine ikigoma siku ya fundi, siulizi kwanza juu ya waya. Ninauliza watu walifanya nini waliposikia ninakuja. Nilipofika Mwanza bosi alinidaka mlangoni: ugonjwa ulikuwa nini hasa?

"Sisi, bosi," nikamwambia. "Kila tulipokwenda, walitutandikia."