Vigae vya Jikoni Kwangu Vimeishia Kaburini

Admin, jina langu lifiche vizuri, na kama kuna mtu wa ukoo wa mume wangu humu ndani, asome apite. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na sita, nauza nguo za watoto hapa Kisumu. Tumepanga Migosi huku tukijenga nyumba yetu Mamboleo. Naandika nikiwa nimechukizwa, na anayenichukiza ni baba wa watoto wangu.

Nyumba ilipofika kwenye plasta, mume wangu aliniambia, "Jikoni ni yako, chagua kitu unataka." Jamani, nilichagua! Nilikuwa nimechoshwa na vigae vyeupe vya nyumba ya kupanga, vinavyong'aa mpaka taa inakupiga machoni, na kila tone la mafuta linaonekana. Nilizunguka maduka hadi wauzaji wakanizoea. Mwishowe nikapata vigae vya ukutani visivyong'aa, laini kwa mkono, rangi ya ziwa siku ya mawingu. Niliomba kimoja nikaenda nacho nyumbani, nikakipaka mafuta ya samaki na mchuzi wa nyanya, nikakiacha kikauke, kisha nikakipangusa. Kikatakata kabisa. Nikakisimamisha dirishani asubuhi, jioni nikakitazama tena. Mume wangu akanicheka, "Mama Junior, unataka kuolewa na hii tiles?" Tukanunua, maboksi yakawekwa stoo kule Mamboleo.

Wakati huo baba mkwe alikuwa mgonjwa kijijini, upande wa Muhoroni. Paa lake lilivuja juu ya kitanda. Kila nilipotoka kumwona nilimwambia mume wangu, "Baba Junior, nunulia mzee mabati." Jibu lake likawa lile lile, "Wacha kwanza tumalize nyumba." Ndugu zake nao wakawa wanategeana. Mzee alikufa amejikunja upande wa kitanda usiolowa.

Siku ya mazishi nilifika pamoja na akina mama wa kanisa. Watu walikuwa wamelizunguka kaburi, simu juu, wanapiga picha. Nikasogea nichungulie. Kaburi kuwekwa vigae ndani si jambo geni kwetu siku hizi, lakini vile vilikuwa vyangu. Kuta zote, rangi ya ziwa, vimepangwa kwa uzi bila kasoro, kazi safi ambayo hata jikoni kwangu sijaiona. Mama mmoja kando yangu akasema kwa sauti ya kusifu, "Wuod Mzee, mwana wa Mzee kweli, amejengea baba yake nyumba kabisa!" Mume wangu akashika maikrofoni akatangaza kwamba baba yake atalala kama mfalme. Wakampigia makofi. Mimi nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika, na wanawake wakanionea huruma wakidhani ni uchungu wa msiba.

Tuliporudi nyumbani nilimwuliza kwa nini alichukua vigae vyangu bila hata kuniambia.

"Sasa ulitaka nizike baba kwa udongo tupu, watu waseme?"

"Na alipokuwa analala kwa maji akiwa hai, hao watu hawakusema?"

"Hiyo hakuna mtu aliona," akajibu, na akaendelea kula.

Admin, hilo neno limeniharibu. Tangu siku hiyo nikimwona akimega ugali, nainuka mezani na sahani yangu.

Wiki iliyopita nikamwambia auze maboksi yaliyobaki, sitaki hata moja liguse ukuta wangu. Akaruka, "Hiyo usiguse! Ni ya mama. Duka haitaleta tena hiyo rangi, na kaburi yao lazima ifanane." Mama yake yu hai! Ana nguvu zake, analima mahindi yake, na analala chini ya paa lile lile. Nilipomtajia paa, akaniambia eti mila hairuhusu nyumba ya mjane kuguswa kabla taratibu za msiba hazijaisha. Mzee alipokuwa hai, ni mila gani ilimzuia? Na kumleta mama kwetu hakuwezekani, kwa sababu kimila mama halali katika nyumba ya mwanawe, yeye mwenyewe hawezi kukubali.

Jumapili nilienda kumwona. Mvua ikatukuta ndani. Mama akainuka, akavuta godoro ukutani, akaweka karai mahali pake pa kawaida, akaketi tena. Kisha akaniuliza huku akitabasamu, maana amesikia habari kutoka kwa wanawe.

"Nyathina, mwanangu, wanasema tiles za kaburi yangu zimeshanunuliwa. Ni zile za Mzee?"

Nikashindwa kumtazama. "Ndiyo, Mama. Ni zile."

Akatazama juu kwenye bati, maji yakidondoka kwenye karai. "Hizo hazivuji?"

Nilishika mkono wake tukakaa hivyo mpaka mvua ikakatika.

Sasa mume wangu amesafiri kikazi, na ufunguo wa stoo ninao mimi. Mwenye duka amekubali kuyapokea maboksi ambayo hayajafunguliwa na kunirudishia pesa, na fundi wa paa yuko tayari. Nikifanya hivyo, ukoo mzima utasema mke ameingilia mila na amenyang'anya mama mkwe kaburi lake, na ndoa yangu huenda ikaishia hapo. Nikinyamaza, nitahamia Mamboleo nipikie huyu mtu kila siku, huku stoo yangu ikihifadhi kaburi la mtu anayenipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama watoto wamekunywa chai.

Ninyi mliojenga na ninyi mliozika, niambieni la kufanya. Lakini msichelewe, mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Muhoroni.